Sufuria ya Rangi Nyeusi

Kaka yangu Saverio,

Pokea salamu zangu na za binti yangu Nunziata. Miili yetu haina ugonjwa. Natumaini wewe, wifi Teodora na watoto hamjambo huko Torino, na kile kikohozi chako kimepoa.

Uliniandikia hivi: "Mila ingekuwa inatudhuru ingeshakufa yenyewe. Ikidumu, ujue inatufaa." Kaka, hiyo si hoja. Chawa nao wamedumu nasi tangu enzi, na sijasikia mtu akisema wanatufaa. Mila inahitaji jambo moja tu: anayeibeba aipitishe kwa mwingine. Raha yetu haimo.

Sikatai, mume wangu Vito alipofariki majirani walituletea chakula, maana nyumba ya msiba haiwashi jiko, na supu yao ndiyo iliyonisimamisha. Lakini supu ilikwisha, madirisha yakabaki yamefungwa. Tangu Machi sivai ila nyeusi. Mimi, mwalimu, niliyepiga kelele gazetini miaka yote dhidi ya kuwazika wajane wakiwa hai! Siku niliyotoka na kitambaa cha kijivu kichwani, jirani yangu Carmela alinisimamisha kisimani, akaniuliza eti mwalimu ameshapata bwana mwingine au bado anachagua. Wenzake wakaangua kicheko. Nikarudi kubadilisha. Jioni akanifuata, akaniambia kwa uchungu kwamba yeye amevaa nyeusi tangu alipofiwa na mumewe ujanani na hakuna aliyemwachilia, kwa nini mimi niachiliwe? Basi niambie, inamfaa nani? Si Carmela, si mimi, wala Vito, aliyependa gauni langu jekundu.

Sasa nikueleze kilichonishikisha kalamu. Jumamosi nilimkuta Nunziata uani, amechemsha rangi nyeusi kwenye sufuria kubwa, anakoroga lile gauni la bluu mlilomtumia avae akija kwenu kusomea ualimu. Hakuna aliyemwagiza. Alisema binti hasafiri na msiba wa baba yake, watu watasemaje. Eti chuo kitamngoja hadi miaka mitano ya msiba iishe. Nami, Saverio, nilifungua mdomo nimkataze, nikajisikia nikimwambia aongeze chumvi, rangi isije ikachuja.

Sijiamini tena. Wabusu watoto, umpe wifi salamu zangu, kisha wewe na Teodora mpande treni kabla chuo hakijafunguliwa. Njooni na gauni la rangi yoyote, mumchukue mwanangu. Msimwombe ruhusa yeye, wala msiniombe mimi. Nitawaambia msubiri. Msinisikilize.

Dada yako,
Ermelinda