Mkono wa Kulia wa Koti la Baba

Chicago, 11 Novemba 1938

Kwako dada yangu Borghild,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti linaendeleaje? Na ng'ombe, wameivuka salama theluji ya kwanza? Mimi mwili mzima, ila kichwa hakitulii. Nimeanza kuandika, nikaacha nikatazame chupa zangu, sasa nimerudi. Hakuna kitu.

Nilikueleza nilivyokuwa wa kwanza kuipata ile protini ya moyo wa ng'ombe ikiwa safi kabisa, imekaa chini ya chupa, fuwele ndogo zinazong'aa kama chumvi. Ukanijibu kwamba chumvi mnayo tele dukani kwa Halvor. Nilicheka mpaka machozi. Sasa sicheki.

Tangu tuhamie jengo jipya fuwele hazijitokezi kwenye chupa tena, na zile za mwanzo zote ziliishia kwenye vipimo. Kila asubuhi nafuata mioyo machinjioni, ambako wananiita Bibi Mioyo na kuniuliza mchumba huyu wa leo nimemwacha kwa kosa gani. Nasaga, nachuja, nashinda kwenye chumba cha baridi hadi vidole vife ganzi, kila hatua vilevile. Naambulia uji wa kijivu.

Jana mkuu wetu, Dokta Whitcomb, aliniita. Alisema watu wa Boston nao wamejaribu wakatoka kapa, na mwisho wa mwezi mmoja wao anakuja kujionea mwenyewe. Nikikosa cha kumwonyesha, tutatangaza kwamba tulikosea. Nilimkumbusha kwamba fuwele aliziona kwa macho yake. Akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba aliona kitu kinachong'aa, na kwamba mwanamke mwaminifu anaweza kujidanganya akitamani mno. Nilitaka kumpiga na chupa. Kibaya zaidi, niliporudi mezani nilianza kujiuliza kama kweli niliziona.

Leo nikinywa kahawa nimekukumbuka wewe na chombo cha mama cha maziwa ya mgando. Ulikisugua kwa sabuni baada ya mazishi yake, maziwa yakagoma kuganda, ikabidi tukaombe kijiko cha mgando kwa jirani. Kahawa ilinimwagikia. Fuwele nazo, ili zigande, zinataka zilizotangulia, chembe tu, vumbi lisiloonekana! Kule jengo la zamani vumbi hilo lilijaa kila mahali. Huku rangi mpya, wanapiga deki kutwa, na kule wameshabomoa. Jirani wa kumwomba sina. Kimebaki kitu kimoja nilichokivaa kule kila siku: koti la baba, ulilolililia mpaka nikakurudishia.

Sasa nikuambie nisilowahi kukuambia. Najua hujalifua, wewe unayefua hata matambara ya zizini. Nilipokuja Agosti nilikukuta ghalani umeficha uso kwenye ukosi wake, nikarudi nyuma taratibu. Harufu ya tumbako ya baba bado imo. Nami nilikuwa nikifanya hivyohivyo kwenye chumba cha baridi, na nilikuonea wivu.

Kwa hiyo sikuombi koti. Chukua mkasi, ukate mkono wa kulia, ule niliokuwa nikifutia chupa. Usiukung'ute. Ufunge kwenye karatasi safi, uupeleke posta siku hiyohiyo.

Ukosi ubaki kwako.

Nisalimie Halvor, na ulipumzishe hilo goti.

Mdogo wako anayekutegemea,
Signe