Masharubu ya Mjukuu wa Pettibone

Lottie, kwa huzuni kubwa nakutangazia: Orrin wetu kajizika mwenyewe.

Mkuu wa shule si alimwambia asiposhinda shindano la kumwigiza marehemu mwandishi Pettibone, anarudishwa kwao Ohio? Basi kaja na suti nyeupe na masharubu ya kubandika kwa gundi, kama ya Pettibone, na chombo cha angani cha maboksi. Eti Pettibone katua kutoka mwaka 2300!

Mstari wa mbele kaketi mzee wa suti nyeupe na masharubu meupe. Orrin akadhani ni mshindani mwenzake, kamwibia vazi lake.

"Tapeli huyu!" Orrin akayavuta masharubu ya mzee. AKAYAVUTA, Lottie!

Hayakutoka. Mzee ndiye jaji, mjukuu wa Pettibone.

Akafuta machozi: "Mavazi, kumi. Adabu, sifuri."

Orrin, bila haya: "Na chombo, babu?"

Mkuu ndiye aliyejibu: "Kizuri mno. Kitakufikisha Ohio."