Uunge Upinde

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Na wagonjwa wako, bado wanapiga mayowe ukiwaunga mifupa hadi jirani anafunga madirisha? Mimi ni mzima. Nimesikia kitinda mimba wetu anatamba mtaani eti dada yake ni chuma, ameshinda Shindano la Magunia. Mwambie anyamaze, mama. Nimempa dereva wa lori la maji barua hii akukabidhi mkononi.

Walitupanga uwanjani, kila kijana na gunia la mchanga begani. Amri ilikuwa moja: tembea, gunia lisiguse chini. Mtoto wa mwokaji mikate alidhani ni vitisho tu. Alilitua afunge kamba ya kiatu, akapigwa risasi ya kisogo, nasi tukamkanyaga tukapita kwa sababu kusimama nako kulikuwa kosa. Watu majukwaani walishangilia. Kisha mvua ikanyesha, mchanga ukalowa, wenzangu wakaanza kudondoka wawili wawili. Waliokuwa bado wanapumua walimaliziwa kwa kitako cha bunduki.

Nyuma yangu alikuwa mtoto wa mwashi, tuliyemwita Domo. Hata pale hakunyamaza. Aliniambia gunia lake ni zito kama shangazi yake, ila lenyewe angalau halimsemi. Nilicheka, mama, katikati ya maiti. Halafu mtulinga wake ukavunjika, nikausikia. Nikahamishia gunia langu kichwani, nikachana pindo la gauni, nikamfunga bega huku tukitembea, kama ulivyonifundisha. Akaendelea na bega la pili.

Mwishowe tukabaki wawili, na mshindi ni mmoja. Nakwambia wewe tu: Domo hakuchoka. Mimi ndiye niliyekuwa nakwisha. Nilimwambia asogee nimkazie kitambaa, akasogea, akanishukuru. Nikatia kidole gumba pale pale palipovunjika, nikakandamiza kwa nguvu zangu zote. Gunia likaanguka. Risasi ilimpasua shingo, damu ikanirukia mdomoni. Hadi leo chakula changu kina ladha hiyo.

Zawadi yangu ni bunduki. Mshindi ndiye anayewapiga risasi washindani wa msimu unaofuata, na akikataa wanaanza na yeye. Jana walitusomea majina yao. La mdogo wangu limo. Watakuja kumchukua mwezi ujao.

Nimechunguza wanavyokagua vijana getini. Mwenye mguu uliofungwa wanamwahirisha tu, akipona wanamfuata. Anayechechemea wanamfukuza, hawamtaki tena, kwa sababu hafurahishi watazamaji.

Basi mama, mvunje mguu. Usimpe mtu mwingine kazi hiyo, atamuua. Vunja chini ya goti, mifupa yote miwili, mpe taulo ang'ate. Usimweleze sababu, maana ni mdogo na ataropoka. Atakuchukia. Heri akuchukie wewe kuliko siku moja aniangalie mimi nikiwa nyuma ya bunduki.

Najua unavyojivunia kwamba hakuna aliyewahi kutoka mikononi mwako akichechemea. Mtaa mzima unalijua hilo. Huyu mmoja, mama, nakupigia magoti, mguu wake uunge upinde.

Nisalimie majirani, na umbusu mdogo wangu kabla hujaanza.

Mwanao wa kwanza.