Fisi Niliyempa Jina Lako

Baba mdogo,

Shikamoo. Huku baridi kali, soksi hazikauki, lakini kazi inakwenda. Kutwa nawafuata fisi na darubini shingoni. Ulicheka sana niliposema nitasomea wanyama. “Nani atamwoa mchunga fisi?” ukauliza.

Kwa fisi, jike ndiye mkubwa. Dume aliyehamia kundini hula mwisho wa wote, na akijisogeza mapema anang'atwa masikio. Nikakukumbuka wewe, uliyehamia kwetu baba alipofariki, mimi na mama tukawa tunakula jikoni makombo yenu, wewe na wanao.

Hapa anayemwona mnyama kwanza ndiye humpa jina. Kuna dume mmoja mwoga, ana kitambi. Nimempa lako, pamoja na la baba yako asije akachanganywa na mwingine. Watu wa televisheni wameshampiga picha. Mwezi ujao mtamwona huko, akifukuzwa. Waite majirani.

Mama nimemtumia tiketi. Ukiifungua barua hii, atakuwa ameshapaa. Sufuria kaziacha safi kabisa, hata makombo hamna.

Ni mimi, mwana wa kaka yako,
Mchunga fisi