Mtani Wangu wa Bombani

Mtani wangu Koleta, mla perege,

Huko uliko unamsumbua nani? Huku kumepoa. Tangu tukuzike hakuna wa kunipigia kelele asubuhi, "Wewe mkimbizi, bado umelala? Nchi ya watu hii!" Naamka mwenyewe, nafagia uwanja, nautazama mlango wako uliofungwa, narudi ndani.

Unakumbuka tulivyoanza? Ndiyo kwanza nimehamia Lipangalala, nawe ukaisukuma ndoo yangu pale bombani ukaweka yako. Tulikunjana mpaka maji yote yakamwagika. Jioni ukaja kwangu na bakuli la perege wa kukaanga, eti umemfuata mtani wako. Nikakuambia Mrundi na Mndamba hawana utani. Ukasema, "Utani unatokana na vita. Sisi si tumeshapigana? Tena mtu asiye na mtani atazikwaje?" Mimi niliyeingia nchi hii mgongoni kwa mama, nikapata mtu wa kunitukana bila kunichukia. Nilikupenda siku ileile. Sikukuambia, maana ungejisifu.

Basi sikia. Maombi yangu ya uraia yamefika kwenye kamati ya kata wiki iliyopita. Uliapa utakuja kunisemea, halafu ukafa, mwongo wewe. Nilikaa mbele yao. Niliogopa, Koleta. Wakikataa, mimi ni wa wapi? Kirundi chenyewe kimebaki cha kuombea chumvi tu. Afisa uhamiaji, kijana mpole, akauliza nani anaweza kueleza nilivyoishi na watu hapa. Nikataja jina lako, ndipo nikakumbuka. Machozi yakanitoka.

Kule nyuma akasimama kaka yako Kasiani, hata sikujua amekuja. Kasiani huyohuyo niliyemkomesha makaburini! Maana siku ya mazishi yako nilivaa kitenge chako, nikachechemea kama wewe, na jeneza lilipofika nikashuka kaburini nikajilaza. Nikasema huyu mla perege hazikwi mpaka nipewe jogoo. Katekista akasubiri na kitabu chake mkononi. Watu walicheka sana. Hawakujua kwamba kule chini nilikuwa nalia. Kasiani ndiye aliyekwenda kumleta jogoo, amenuna.

Sasa akawaambia wanakamati, "Huyu mama alituzuia kumzika dada yetu, na sisi tukamtii, tukaleta jogoo. Mgeni angethubutu? Na sisi tungemkubalia mgeni?"

Watu wakaangua kicheko, hata afisa mwenyewe. Kisha akainama akaandika, akaandika tena.

Maombi yamepelekwa mbele, majibu bado. Jogoo sijamchinja. Anawika chini ya dirisha lako kila alfajiri, nadhani amekurithi mdomo. Kasiani akipita anamtazama kwa uchungu, nami namkaribisha kwa kejeli, maana sasa nimemrithi yeye kuwa mtani wangu.

Nakuaga, mtani. Upumzike, mguu ule usikuume tena. Wakinipa uraia, hapa mtaani hakuna atakayekuwa na haki ya kuniita mkimbizi, na atakayejaribu nitamwonyesha karatasi yangu. Wewe peke yako ruhusa unayo. Siku nikifika huko, simama mlangoni uniite jina lile kwa sauti yako yote, malaika washtuke. Nakuahidi nitaitika.