Kigari cha Calandria

San Vicente, Córdoba
9 Agosti

Kaka yangu Nazareno,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wifi Mabel, nikitumaini kwamba upepo wa huko Comodoro haujang'oa tena mabati ya banda lenu kama mwaka jana. Mguu wako je? Wifi aliniambia kwamba unaficha maumivu na bado unapanda ngazi. Acha ujeuri, kaka, umri umekwenda. Mimi sijambo. Baridi ya mwaka huu imetubana kweli, chai yetu ya majani, mate, inapoa kabla sijaionja, lakini mwili unakwenda na kazi za cherehani hazijanikaukia.

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na nikikatizwa mahali pabaya sitathubutu kumaliza. Habari yenyewe ni hii: Gualberto Peirano, yule rafiki wa Baba, amekwisha. Klabu ya wachonga vigari vya mfano imelifuta jina lake, wateja wanamrudishia vigari vyake, na meza yake pale ukumbini sasa wanaweka birika na mikate. Aliyemmaliza ni mimi.

Kuna siku moja ambayo nilikusimulia nusu tu, kwa kuwa ulikuwa mbali na sikutaka upande basi uje kumpiga mtu. Baba alikuwa na miezi sita kaburini. Gualberto alikuja nyumbani, akambusu Mama mashavuni, akakaa kwenye kiti cha Baba, akaomba kile kigari mama cha Torino, lile gari la milango miwili la kiwanda cha hapa Córdoba, kile cha kwanza kilichochongwa kwa mkono, ambacho ndicho kinachopigiwa kalibu ya silikoni ili wengine wazaliwe kwa kumimina resini. Alisema anataka kukionyesha klabuni kwa heshima ya marehemu. Mama mwenyewe alikiviringisha kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuoga.

Siku ya maonyesho tulikuta meza imejaa masanduku. Ndani ya kila sanduku mlikuwa na Torino ya Baba katika vipande, bodi, boneti, viti, dashibodi, vyote vya resini nyeupe, na juu ya kila kifuniko pameandikwa kwamba mchongaji ni Gualberto Peirano. Jina la Baba halikuwemo hata kwa herufi ndogo. Nilisimama nikauliza. Alicheka, kaka. Alinijibu mbele ya ukumbi mzima, "Delfina, mwanangu, baba yako nilimpenda, Mungu amrehemu. Lakini Amadeo alikuwa mtu wa nyundo, wa kunyoosha mabati. Mimi nilikuwa nachonga, yeye ananiwekea chai ya mate. Na hata mate yenyewe alikuwa anayaunguza!"

Watu walicheka mpaka wengine wakapiga meza. Unawajua watu wa Córdoba, mzaha hawauachi upite hata msibani. Mama alikuwa safu ya pili. Alichukua mkoba wake akatoka, nami nikamfuata. Tulipofika getini kwetu akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu, "Kwani baba yenu miaka yote ile pale mezani alikuwa anafanya nini?"

Hiyo ndiyo nusu ambayo sikukusimulia. Aliniuliza tena mara mbili kabla hajafa, na kila mara nilimjibu kwamba alikuwa anachonga, peke yake. Mara ya mwisho alikuwa kitandani, hajui tena ni mwaka gani, lakini swali hilo alilijua. Miaka arobaini na minne ya ndoa, Nazareno, na mtu mmoja akampandia shaka kwa kicheko tu. Nilipomfunika uso niliapa, na kiapo changu sikumwambia padri.

Nilianza kujifunza. Nimeshona magauni ya bibi harusi miaka thelathini, mkono wangu hautetemeki, nikadhani kazi ni ileile. Wapi! Resini yangu ya kwanza ilitoka na mapovu kama jibini. Ya pili haikuganda, ikabaki inanata wiki nzima. Nilichoma meza ya Mama, nikaharibu pua kwa ile harufu mpaka nikanunua barakoa ya wapaka rangi. Miaka minne nilipiga msasa, nikajaza, nikapiga msasa tena, hadi nikaweza kuchonga kitasa cha mlango kidogo kuliko punje ya mchele.

Muda wote huo nilikuwa namchunguza Gualberto. Mazoea yake yalikuwa yaleyale. Akiona kigari kizuri cha mtu mwingine, hununua kimoja, hukipiga msasa kidogo, hukipigia kalibu, kisha hukiuza kwa jina lake. Kijana mmoja wa Tucumán alimlalamikia, akajibiwa kwamba gari ni la kiwanda na kila mtu ana haki ya kulichonga. Hapo ndipo nilipoona mlango. Kwa gari la kweli huwezi kumkamata mtu wa namna hiyo. Nikaamua nimpe gari la uongo.

Nilibuni Torino ambayo haikuwahi kutengenezwa: milango miwili, mgongo unaoteremka mpaka kwenye bampa, taa za nyuma tatu tatu. Nililipa jina Calandria, kama yule ndege anayeiga nyimbo za wenzake, nikidhani labda hilo lingemshtua. Halikumshtua. Michoro yote niliipeleka kwa wakili, akagonga muhuri na tarehe kila ukurasa bila kuuliza kitu. Halafu kwenye rejeta, ambayo ukishaunga kigari hujificha nyuma ya grili, nilichonga maneno kati ya mistari yake, herufi ndogo kiasi kwamba kwa macho matupu utaona ni wavu tu. Yalisema, "Gari hili halikuwahi kuwepo. D. Ferrante."

Nilimimina kimoja, nikakiweka juani juu ya paa kiangazi kizima mpaka resini ikageuka manjano kama meno ya mvutaji. Nikakifukiza moshi wa sigara, nikavunja kioo cha upande mmoja, nikakipeleka kwa Doña Eulogia anayeuza vitu vikuukuu sokoni Jumapili. Yule bibi nilimshonea wajukuu zake wote nguo za komunyo. Aliniuliza kama jambo hilo ni dhambi. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama linamhusu Peirano. Nikamwambia ndiyo. "Basi lete hapa," akasema, "kiweke karibu na zile pasi za mkaa ndipo anapoinamia."

Jumapili ya tatu alikuja. Doña Eulogia alinisimulia huku akifuta machozi ya kicheko. Gualberto alikipita, akarudi, akainua kwanza pasi, kisha birika, ndipo akakishika kigari kwa vidole viwili kama kitu kichafu. "Mama, hiki kidude nacho cha nini?" Bibi akamjibu kilitoka nyumba ya mhandisi mmoja wa kiwandani, marehemu, watoto wake wanatupa kila kitu. Kilikuwa kwenye sanduku lenye jina Calandria na mwaka 1971, lakini sanduku limeliwa na panya. Yule mtu anayebishania bei ya kamba alilipa akaondoka bila kungoja chenji.

Miezi kumi na minne nilisubiri. Nilishona, nikaenda kanisani, nikanywa mate peke yangu. Kisha mwezi wa sita tangazo likatoka: Peirano, kwenye maonyesho ya Julai, atazindua Torino Calandria, gari la siri ambalo kiwanda kilitengeneza moja tu kikalivunja. Aliandika mpaka kijitabu cha historia. Kaka, nilikisoma nimesimama jikoni nikalazimika kukaa. Alimpa yule mhandisi jina! Aliandika rangi ya viti!

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, ukumbi umejaa, wengine wametoka Rosario na Mendoza. Soseji za choripani zinanukia mpaka ndani. Gualberto alisimama amevaa koti la mahameli akasimulia jinsi alivyokuwa mwanagenzi wa miaka kumi na tisa pale kiwandani, alivyopandishwa kwenye Calandria, alivyozungushwa uwanjani mara mbili. Masanduku thelathini yakanunuliwa palepale.

Nikainua mkono. Aliniona, akatabasamu.

"Don Gualberto," nikasema, "gari lenyewe ulilipanda wewe, au ulisimuliwa?"

"Nililipanda, binti. Wewe ulikuwa bado unavaa nepi."

"Ulilipima mwenyewe?"

"Kwa mikono hii. Na safari hii," akawageukia wenzake, "hakuna wa kusema nilipimiwa na mtu wa kuweka mate!"

Wakacheka, walewale. Nami nikacheka. Nikawaomba wenye masanduku wayafungue, watoe kile kipande cha rejeta, nikampa Bonge Sartori, yule aliyepiga meza kuliko wote miaka kumi na moja iliyopita, kioo changu cha kukuzia. Alifinya jicho. Akakisogeza, akakirudisha. "Kuna maandishi," akasema. Nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma.

Hakuna aliyecheka. Kioo kilipita mkono kwa mkono, na kila mtu aliyesoma aliinua uso akamtazama Gualberto. Mimi nilitandaza michoro yenye muhuri juu ya meza yake, juu ya vijitabu vyake. Kisha nikasema nilichokisubiri miaka kumi na moja. Nikasema, hivi ndivyo mtu huyu anavyochonga, na hivi ndivyo alivyofanya kwa Torino ya baba yangu, Amadeo Ferrante, ambayo baba yangu aliichonga yote, kwa mikono yake, peke yake. Nililirudia neno hilo, peke yake, nikiangalia kiti cha safu ya pili.

Walimrudishia masanduku mmoja mmoja. Bonge alinishika bega akalia. Rais wa klabu alileta Torino ya Baba kutoka kabatini mwa Gualberto pale klabuni, akanikabidhi mbele ya wote, na sasa hivi ninapoandika ipo mezani kwangu. Ningependa niishie hapa.

Nilipokuwa natoka, Gualberto alikuwa amesimama kando ya mlango, koti mkononi, amezeeka ghafla. Hakunitukana. Alisema kwa sauti ya chini, "Amadeo aliniomba ninyamaze, nami nikanyamaza mpaka alipokufa. Wewe unajua, Delfina. Naona machoni unajua."

Nikamwambia, "Sijui unachosema."

Nilikuwa najua, kaka.

Wiki tatu kabla ya maonyesho nilikuwa natafuta mchoro wowote wa Baba nimpelekee wakili augonge muhuri kama yangu. Ndani ya daftari lake la vipimo nilikuta ukurasa. Mwandiko ni wake, umepinda kama ulivyokuwa miaka ya mwisho. Ameandika kwamba mikono yake haishiki tena kisu. Kwamba paa na milango ya Torino ni kazi yake, lakini pua, grili, mgongo na ndani kote amemaliza Gualberto, ambaye huja kila Jumanne Mama akiwa kwa shangazi. Na kwamba amemwomba asiseme kitu nyumbani, maana mke wangu, ameandika, anapenda kuniona bado fundi.

Kwa hiyo Mama alipouliza Baba alikuwa anafanya nini, jibu lilikuwepo, na halikuwa lile nililompa. Nilikaa na ukurasa ule wiki tatu nzima. Ningeweza kumwendea Gualberto. Ningeweza kusimama ukumbini nikasema kwamba waliichonga wawili na mmoja akalifuta jina la mwenzake, na hiyo peke yake ingemtosha kwa aibu. Lakini nilimkumbuka Mama getini na mkoba wake, nikaona nusu hainitoshi. Gualberto alisema uongo kwamba Torino ni kazi yake yote. Nikataka na mimi niseme uongo wangu, mbele ya watu walewale, na uaminiwe. Uliaminiwa.

Usiniulize kama ninajuta. Naamka asubuhi, naitazama ile Torino, naona paa la Baba, kisha macho yanateremka kwenye grili, na ile grili, Nazareno, ni kazi nzuri kupita zote nilizowahi kuziona. Simhurumii Gualberto. Angekuja leo akapiga hodi, sijui kama ningemfungulia. Ila nimeshindwa kuuchoma ukurasa, na nimeshindwa kulala nao nyumba moja, kwa hiyo nimeuweka ndani ya bahasha hii. Wewe ndiye mkubwa. Ukitaka kumpelekea Gualberto, bado anaishi nyumba ileile, mlango wa kijani. Ukitaka kuutia motoni, utie. Vyovyote utakavyofanya usiniambie.

Nisalimie wifi Mabel, mwambie kitambaa alichoomba nimekipata na kitaondoka wiki ijayo. Mabusu kwa wajukuu zako, hasa yule mdogo mwenye kukohoa, mpakeni mafuta ya mikaratusi kifuani. Utunze mguu huo.

Nami nabaki dada yako anayekupenda,

Delfina