Sultani wa Konya Yuko Overport

Overport, Durban
14 Agosti 1998

Kwako mdogo wangu Kidawa,

Salamu zikukute hapo Tanga pamoja na mama na lile goti lake lililoanza kumsumbua tangu Ramadhani. Mimi mzima, ila usingizi hauji vizuri. Sababu utaikuta huko chini, usiruke.

Kazi ni ileile, kulinda magari mbele ya maduka. Upande wa juu wa barabara ni kwa Séverin na Wakongo wenzake, chini ni kwa Dulla na Watanzania wetu. Mimi nasimama katikati, mbele ya bucha, penye magari mengi kuliko kote, na kila upande unapataka. Séverin alinionya kwamba hapa iko mipaka. Dulla akaniuliza eti Mtanga gani mimi, nashinda kwa Wakongo nikila pondu, hicho kisamvu chao.

Nikisubiri wenye magari nasoma kitabu cha historia kilichotupwa jalalani na mwanafunzi mmoja wa Glenwood. Humo nikamkuta Kilij Arslani, sultani wa Kituruki wa Konya, zamani za vita vya msalaba. Huku kaisari wa Konstantinopoli, huku Nuredini wa Shamu, yeye katikati. Basi akaenda mwenyewe kwa kaisari, akakaa kama siku themanini anakula tu, akapokea zawadi, akaahidi kutoa mji wa Sivas. Akarudi kwao. Mji hakuutoa.

Nikamwona ana akili. Nikawa Ijumaa nakula kwa Dulla, Jumapili kwa Séverin, kila mmoja namwapia kuwa mimi ni wake. Miezi minne hakuna aliyenigusa. Kisha wakachoka na viapo, wakataka kitu cha kushika. Sultani alikuwa na miji. Mimi nilikuwa na picha yako ya Idi, ile ya gauni la kijani.

Eish, Kidawa, nakiri. Baba alipofariki mimi ndiye nikawa walii wako, nami nimewakubalia wote wawili wakuoe. Picha niliisafisha nakala mbili, kila mmoja nikampa yake. Séverin aliuliza kama utabatizwa. Nikamjibu maji huyaogopi. Dulla hakuuliza kitu: mjomba wake anakuja kwenu na barua ya posa, huenda akaitangulia hii.

Nilikaa niandike kukuomba uwazungushe, usikubali wala usikatae, nisifukuzwe pale buchani. Lakini kitabu nimekirudia mara tatu, na hakuna mahali watu wa Sivas wameulizwa. Mwambie mjomba wa Dulla unalotaka wewe. Séverin nitamwambia mwenyewe kesho, nikiwa nimevaa viatu vya kukimbilia.

Mpe mama salamu, na hili la posa usimsomee.

Kaka yako,
Nasibu